Kadi Iliyofungiwa Sandukuni

Mtoto mwenye nimonia unamjua kwa mbavu. Hilo nilifundishwa kwenye semina pale mjini Mbulu, tulipopewa soda, daftari na kalamu ya bure. Mwezeshaji alisema tuangalie chini ya kifua: ngozi ikizama kila mtoto anapovuta hewa, usikae nyumbani. Nikaandika sentensi hiyo, nikaipigia mstari. Miezi michache baadaye niliiona ikitokea kwa mwanangu mwenyewe, asubuhi, akiwa amelala karibu na jiko, na nikakumbuka hata rangi ya ile kalamu.

Kijiji sikitaji. Kiko huko juu, upande wa Nambis, mahali ambapo ukungu wa mwezi wa sita unakaa mpaka saa nne na mbuzi wanakohoa kama watu. Mimi si wa hapo. Nilizaliwa Hanang, Mogitu, nikasoma mpaka kidato cha nne, nikaolewa Mbulu nikiwa na mimba, na hilo tusilizungumze sana. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya. Watu walikuwa wanaandika Arusha kwenye bahasha kwa mazoea, halafu wanafuta.

Kwa sababu nilikuwa na cheti na mwandiko unaosomeka, nikachaguliwa katibu wa kamati ya mfuko wa afya wa kijiji. Sikulipwa kitu. Watu wa wilayani walikuja na gari na mabango, wakasema kila kaya ichange mara moja kwa mwaka, ipewe kadi, na kadi moja itawatibu baba, mama na watoto kwenye zahanati yetu mwaka mzima. Wazee walikaa wakasikiliza. Baba mkwe wangu, ambaye alikuwa balozi wa nyumba kumi, aliuliza kama huo ugonjwa wanaoulipia ni wa nani, maana yeye hajaugua. Watu wakacheka. Mwingine akasema zamani dawa zilikuwa bure na watu hawakuwa wanaugua hivi. Mzee mmoja akasema wazi kwamba kulipia ugonjwa kabla haujaja ni kuuita kwa jina.

Mimi niliwaona washamba. Nasema ukweli. Niliona mimi ndiye mwenye akili pale, na cheti changu.

Nikazunguka mlango kwa mlango na mtoto mgongoni, wa pili, yule mdogo. Nilibembeleza, niligombana, nililia mbele ya mzee mmoja mpaka akaingia kwa aibu tu. Watu wengi waliingia siku ambayo tayari wana mgonjwa ndani, halafu mwaka uliofuata, kama hawakuugua, wanasema nimewala. Wengine walipata kadi wakaikodisha. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Shangazi anakuja na kadi ya kaka yake, mtoto wa jirani anaitwa jina la mtoto wa mwenye kadi, na dawa zinaisha kabla ya mwezi. Nilimkamata mwanamke mmoja amemleta binti wa dada yake, na mtoto mwenyewe akaulizwa jina akasahau alilofundishwa. Nilijisikia askari.

Basi nikachukua karatasi kubwa na kalamu nyekundu, nikaandika: BILA KADI MKONONI HAKUNA HUDUMA YA MFUKO. KATIBU. Nikaibandika mwenyewe pembeni ya dirisha la zahanati.

Sasa ndiyo nafika kwenye kosa langu. Kadi zilikuwa zinapotea. Zilinyeshewa, ziliunguzwa, moja ililiwa na mbuzi, sitanii. Ukipoteza, kupata nyingine ni kwenda wilayani na picha mpya na kusubiri mpaka uchoke. Kwenye mkutano mmoja watu walilalamika sana. Nikasimama nikasema kadi ni mali kama hati ya shamba. Nikasema: mpeni mkuu wa kaya aifungie. Asiye na sanduku lenye kufuli ampelekee balozi. Wanaume walipiga makofi. Wanawake pia walipiga. Mimi nilikaa chini nikiwa nimefurahi, maana ilikuwa mara ya kwanza mkutano ule kunipigia makofi.

Hakuna aliyeuliza wanaume hao wanakuwa wapi kiangazi kikianza. Kila mtu alijua. Majani yakikauka huku juu, wanashuka na ng'ombe bonde la Yaeda, Yaeda Chini huko, na wanakaa wiki au miezi. Wanashuka na fimbo, blanketi, tumbaku, na ufunguo. Ufunguo wa sanduku hauachwi nyumbani. Baba mkwe aliuvaa shingoni kwenye kamba ya ngozi, na hata akioga hauvui. Mimi nilikuwa naishi naye nyumba moja, akaoga kwa maji niliyomchotea, nikaona kamba ile kila siku, na sikufikiri.

Wa kwanza kulipia akili yangu alikuwa jirani. Mwanamke mkubwa kwangu kidogo, mume wake alikuwa ameshuka Yaeda na ng'ombe. Alikuja zahanati amembeba binti wake wa miaka saba au minane, sikio linatoa usaha, mtoto anapiga kichwa kwenye bega la mama yake kwa maumivu. Siku hiyo nilikuwa pale nakagua dawa na muuguzi. Muuguzi alikuwa msichana kama mimi tu, mgeni, ametoka mkoa wa mbali wa joto, na alikuwa akivaa makoti mawili. Alishaanza kumkaribisha yule mtoto ndani. Mimi nikauliza kadi.

Jirani akasema ipo, lakini imefungiwa.

Nikamwambia basi arudi nayo. Muuguzi akaniangalia. Nikamwonyesha karatasi yangu ukutani kwa kidole. Jirani hakubishana. Alisema tu, taratibu, "Katibu, wewe unaijua nyumba yangu." Nikasema naijua, lakini sheria haijui nyumba ya mtu. Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti ya kutosha watu wa kwenye benchi wasikie. Akamfunga mtoto mgongoni tena akaondoka. Alimtia mafuta ya kondoo ya moto sikioni, nilisikia baadaye.

Baada ya hapo nikamripoti muuguzi kwenye kamati kwamba ni mlegevu. Akaonywa kwa barua.

Kiangazi kiliendelea. Baba mkwe na mume wangu walikuwa wameshuka Yaeda tangu kabla ya siku ile ya jirani, nyumbani tumebaki mimi, mama mkwe, watoto wawili na mbuzi. Mkubwa wangu alikuwa amefikisha miaka mitano wakati wa palizi. Chini ya mitano angetibiwa bure. Alikuwa amevuka kwa miezi michache tu, na mimi ndiye nilikuwa nawafafanulia watu hilo kwenye mikutano, kwa kidole juu.

Alianza kwa kikohozi. Siku mbili nilimpa maji ya moto yenye asali. Siku ya tatu asubuhi aliacha kukohoa, na mama mkwe akasema afadhali. Mimi nilimfunua shati. Chini ya mbavu ngozi ilikuwa inazama. Inaingia ndani, inatoka, inaingia, kama mtu anavuta kitambaa kutoka upande wa pili. Tundu za pua zilikuwa zinapanuka. Nilijaribu kuhesabu pumzi kama tulivyofundishwa nikapotea, nikaanza tena, nikapotea. Alikuwa ananiangalia tu. Mtoto yule alikuwa na maneno mengi kuliko redio, na alikuwa ananiangalia tu.

Sijui nilivaa nini. Nilimfunga mgongoni, mtoto wa miaka mitano miguu inaning'inia mpaka magotini kwangu, nikapanda njia ya zahanati kwenye ukungu. Ni saa nzima ya kutembea. Nilikuwa nasikia pumzi yake kwenye shingo yangu, fupifupi, kavu, na kila ilipochelewa kidogo nilisimama. Nasimama, nasubiri, inakuja, natembea. Nilimwambia ahesabu miti. Hakuhesabu. Nilimwambia nitamnunulia viatu vya mpira. Hakujibu. Nilianza kuogopa kugeuka nimtazame, nikatembea nimenyoosha shingo kama mtu aliyebeba ndoo.

Zahanati palikuwa na muuguzi peke yake. Tabibu alikuwa ameshuka wilayani kufuata mshahara. Nilifika dirishani nikasema mtoto anakufa. Sikuanza hata na salamu.

Alimtazama, akamgusa kifua, na nikaona uso wake umebadilika. Halafu akauliza kadi. Aliuliza kwa sauti ndogo, hakutaka kuuliza.

Nikamwambia ipo kwenye sanduku la baba mkwe. Baba mkwe yuko Yaeda.

Karatasi yangu ilikuwa palepale ukutani. Mvua ya masika ilikuwa imeichuruzisha wino mwekundu, lakini neno KATIBU lilikuwa linasomeka vizuri.

"Mama Katibu," akasema, "nina sindano chache, na kila moja inadaiwa namba ya kadi. Barua ya onyo ninayo moja. Ya pili narudishwa kwetu."

Ningeweza kulipa papo kwa papo, lakini pesa taslimu sikuwa nayo. Tulichokuwa nacho tulikuwa tumekiweka kwenye kadi, ndiyo maana ya kadi. Ningeweza kwenda hospitali ya mjini, lakini bila barua ya zahanati na bila kadi ningekaa benchi lingine, mbali zaidi, na mtoto anayezama mbavu. Simu ilishika kwenye kilima kimoja tu, na huko Yaeda hata ikishika, ningempigia nani? Ng'ombe?

Nikasema nitaileta kadi. Nikamwambia, "Mshike."

Nilimwacha mwanangu mikononi mwa msichana niliyemwandikia barua. Nikakimbia. Kuteremka ile njia bila mzigo mgongoni lilikuwa jambo baya kuliko kupanda naye, kwa sababu sasa sikuwa nasikia pumzi. Shingo yangu ilikuwa baridi pale alipokuwa anapumulia. Nilianguka mara mbili. Nilikuwa najisemea moyoni kwamba nikirudi nikamkuta amefunikwa shuka, nitafanya nini na hiyo kadi mkononi. Nilifikiri pia habari ya jirani. Sikutaka, lakini alikuja. Nilimwona anaondoka benchini na mtoto mgongoni, na nikamwona jinsi alivyotembea, taratibu, kwa sababu mtoto alikuwa analia akitikiswa.

Nyumbani niliingia moja kwa moja kwenye chumba cha baba mkwe. Mwanamke aliyeolewa haingii humo bila kuitwa. Miaka yote ile nilikuwa nimefagia mpaka mlangoni tu. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda, la bati, la kijani, lina kufuli kubwa la shaba. Nikalivuta likapiga kelele sakafuni. Mama mkwe akaja mlangoni na unga mikononi.

Hakuuliza mtoto yuko wapi, aliona mgongo wangu mtupu, akaelewa.

Nikamwambia nataka shoka.

Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mumewe alikuwa anamwogopa kama mimi. Alitazama sanduku, akanitazama, akapangusa unga kwenye kanga. "Mimi nakwenda kwa mbuzi," akasema. "Shoka liko nyuma ya mlango, lakini mimi nipo kwa mbuzi."

Akatoka. Kweli nikamsikia anawasemesha mbuzi huko nje, kwa sauti kubwa, mbuzi ambao walikuwa wametulia.

Kufuli halikuvunjika. Lilivunjika bati lenyewe, pale kwenye komeo, baada ya kupiga mpaka mikono ikafa ganzi. Niliogopa kila pigo. Siyo mtoto tu. Nilimwogopa pia mzee, kuvunja sanduku la mkwe ni kurudishwa kwenu na maneno ya kukufuata mpaka kwa wajukuu. Nilikuwa na woga wa aina mbili ndani ya kifua kimoja, na hakuna uliompisha mwenzake.

Ndani kulikuwa na kanga mpya ya mama mkwe haijawahi kuvaliwa, kadi ya chama, karatasi za ubatizo, karatasi ya shamba. Kulikuwa na cheti changu cha kidato cha nne kwenye mfuko wa nailoni. Nilikuwa nimekitafuta mwaka mzima. Na kulikuwa na fungu la kadi za mfuko limefungwa kwa uzi wa katani. Siyo kadi moja, kadi za nyumba kumi. Wote walikuwa wamemletea balozi, kama nilivyowaambia. Kila kadi ilikuwa na mwandiko wangu. Ya kwetu ilikuwa katikati. Ya juu kabisa ilikuwa ya jirani, na jina la binti yake wa sikio nilikuwa nimeliandika vizuri sana, kwa herufi za kuunganisha.

Sikufungua uzi. Nilibeba fungu zima kifuani nikapanda tena.

Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka. Nilipoliona bati la zahanati nilipunguza mwendo, Mungu anisamehe, nilipunguza. Nilikuwa na haraka ya kufika na sikutaka kufika. Hakukuwa na watu waliosimama nje na mikono kichwani. Nikajipa moyo na hilo. Nikaingia.

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kujifungulia, ubavu, koti moja la muuguzi limemfunika. Mbavu zilikuwa zinazama bado. Lakini zilikuwa zinatembea. Niliweka mkono mbele ya pua yake nikaacha hapo.

Nikamnyooshea muuguzi lile fungu, nikasema kadi hii hapa, mchome.

"Nilishamchoma," akasema. "Ulipopita tu kona. Kwenye kitabu nimeacha wazi pa kuandika namba."

Nikakaa chini sakafuni. Nilikuwa nimevunja sanduku la mkwe kwa ajili ya sindano iliyokuwa tayari kwenye paja la mwanangu. Nilitaka kumshukuru, na nilitaka kumpiga. Akaniletea chai kwenye kikombe cha dawa. Akaniambia siyo mwisho, bado sindano kila baada ya saa sita mpaka kesho kutwa, na usiku wa kwanza ndio wa kuangalia. Kisha akafungua kitabu cha wagonjwa niandike namba yetu. Nikaona mstari wetu, na juu yake nikaona mistari mingine ambayo namba zake zilikuwa wazi. Mitano au sita. Alikuwa anatibu watu kimyakimya siku zote, barua yangu ikiwa mfukoni mwake. Mtu mmoja tu hakuweza kumtibu, kwa sababu siku ile nilikuwa nimesimama pale.

Hakuniambia hivyo. Niliona mwenyewe kwenye tarehe.

Siku ya tatu mtoto akaomba ugali, akaukataa, akaomba viatu vya mpira. Alikuwa amesikia kumbe. Kabla ya kuondoka nilibandua karatasi yangu ukutani. Gundi ilikuwa imeshika, ikatoka vipande vipande, na pembe moja yenye herufi za mwisho ilibaki. Bado ipo labda.

Kadi nilizirudisha mlango kwa mlango, nikiwa nimembeba yule mkubwa kwa sababu sikuweza kumwacha nyumbani hata dakika. Niliwapa wanawake mikononi, nikawaambia waweke wanapojua wao, kwenye unga, kwenye chumvi, popote, siyo kwenye sanduku. Wengine waliogopa kuipokea, waliuliza balozi amesema nini. Nikasema balozi hajasema kitu, yuko Yaeda. Jirani nilimwacha wa mwisho. Alikuwa anapepeta mahindi. Nikamwamkia, akaitikia. Nikampa kadi. Aliitazama pande zote mbili, ilikuwa imebakiza wiki chache iishe.

"Sasa ya nini?" akasema.

Binti yake alikuwa amekaa nyuma yetu akichezea magunzi. Nilimwita kwa jina, kwa kuwa sikujua la kufanya, na hakugeuka. Mama yake akamwita kwa nguvu zaidi. Akageuka upande usio wetu, akatutafuta, kisha akatuona.

Jirani aliiweka kadi kifuani. Akasema mwaka ujao hatachanga, na nisije kumbembeleza. Nikasema sawa. Hajachanga mpaka leo, na katika zile nyumba kumi ni chache zilizochanga tena. Wilayani waliandika kwamba wananchi wa kwetu hawana mwamko. Mimi niliisoma taarifa hiyo. Nilikuwa bado katibu.

Baba mkwe alirudi baada ya wiki mbili na siku kadhaa. Kila jioni ya siku hizo nilikuwa nasikiliza kengele za ng'ombe. Nilipanga maneno, nikayapangua. Nilifunga hata nguo zangu kwenye kitenge, na cheti changu ndani. Siku alipofika alisalimiwa, akala, akaingia chumbani kwake. Mimi nikasimama jikoni na mwiko mkononi bila chungu mbele yangu.

Akaita mama mkwe, akamuuliza nani amefanya hivi.

"Mimi nilikuwa kwa mbuzi," mama mkwe akasema.

Akatoka nje. Mwanangu alikuwa uani, amekonda shingo, anasukuma gari la mabua huku akilipigia honi kwa mdomo, pii pii, mpaka kwenye miguu ya babu yake. Mzee akamtazama kifua. Alijua tayari, habari zilikuwa zimemfikia Yaeda na mtu mwingine kabla hajaondoka huko. Akaenda nyuma ya mlango akalichukua shoka. Akapitisha kidole gumba kwenye makali.

"Umelitoa meno shoka langu," akasema.

Akakaa kwenye jiwe akalinoa mchana kutwa. Hakusema lingine, siku hiyo wala baadaye. Sanduku alilifunga kwa waya na kadi hakuidai. Naiweka kwenye kopo la chumvi, ninapoifikia hata gizani. Mwaka uliofuata aliumwa kichomi, akamtuma mwanangu jikoni aniambie babu anaomba kadi. Nikampelekea mwenyewe, kwa mikono miwili. Aliipokea bila kunitazama, na shingoni mwake ile kamba ya ngozi ilikuwa bado ipo, na ufunguo wake.

Mwanangu akilala mpaka leo namfunua shati. Amekuwa mkubwa, ananifukuza.